Risala ya Wanakamati kwa Rais na Bodi ya Klabu Yetu ya Rotari

Ndugu Rais wa Klabu, Ndugu Rais Mteule, wajumbe wa Bodi, wanachama wenzetu,

Tumetumwa na wenzetu wa kamati za miradi, uanachama na mawasiliano kuwaeleza linalotuuma: kamati za klabu hii zimebaki majina kwenye karatasi.

Kila tarehe 1 Julai, mwaka wa Rotari unapoanza, orodha husomwa. Wengi wetu tunayasikia majina yetu hapo hapo, bila kuulizwa kama tuna nafasi au ujuzi. Baada ya hapo kamati haipewi bajeti, hadidu za rejea, wala tarehe ya kutoa taarifa. Likizuka jambo, watu watatu wanne hulimaliza kwa simu usiku, nasi tunalikuta kwenye kundi la WhatsApp limeshaamuliwa. Kisha mkutanoni tunaulizwa kwa nini kamati zimelala.

Zito zaidi ni makabidhiano. Kisima tulichowachimbia watoto wa shule kiliharibika pampu. Mwalimu mkuu akampigia mwenyekiti wa zamani wa kamati ya miradi, naye akamwelekeza kwa mpya. Huyo mpya hakuwa na mkataba wa fundi, hati ya dhamana, wala jina la mtu mmoja wa kamati ya maji ya kijiji. Watoto wakarudi kubeba ndoo, na bango letu bado limesimama pale pale. Hatumtuhumu mtu wizi. Tunasema kazi ile haikuwa imeandikwa kwa jina la yeyote.

Kazi inaweza kuvuka mabadiliko ya viongozi. Rotari ilianza kampeni yake ya kutokomeza polio duniani mwaka 1985. Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikathibitishwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili. Katika miaka yote hiyo rais wa Rotari duniani alibadilika kila mwaka, na kazi haikuanza upya kila Julai. Sisi tumeshindwa kulinda pampu moja.

Kwa hiyo tunadai faili la makabidhiano kwa kila mradi, lenye mikataba, risiti na namba za wahusika, litiwe saini na anayetoka na anayeingia kabla ya tarehe 30 Juni. Wanakamati wasibadilishwe wote kwa mkupuo. Theluthi moja itoke kila mwaka. Rais Mteule aitumie miezi iliyo kati ya uchaguzi wa Desemba na Julai kuzungumza na kila mwanachama kabla ya kumpangia kamati. Michango ya miradi iwe na akaunti yake, isichanganywe na ada na fedha za chakula cha mikutano, maana leo hata mweka hazina, ambaye uaminifu wake hatuutilii shaka, hawezi kututajia salio la mradi mmoja. Na uamuzi wowote wa dharura uletwe mbele ya kamati husika katika kikao kinachofuata. Vikao vya kamati havihitaji hoteli. Ofisi ya mwanachama yeyote inatosha.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Yasipopatikana, tutaleta madai haya kama hoja kwenye mkutano mkuu wa mwaka, yapigiwe kura na wanachama wote.