Nipeni Nyota na Kompyuta kwa Digrii Moja

Kila mwanafunzi wa Kenya aliyewahi kusema mbele ya watu wazima kwamba anataka kusomea falaki ameshajibiwa: “Soma kompyuta, nyota utaziangalia usiku.” Wajomba hulisema wakicheka. Walimu wa ushauri hulisema kalamu ikiwa tayari juu ya fomu. Aliyeniambia mimi alidhani falaki ni yale mambo ya gazetini, Simba wiki hii atapata mpenzi, Mizani achunge pesa zake. Tumwachilie hapo, maana hata Kiswahili humwita mnajimu yule mpiga ramli na yule anayepima mwendo wa Zohali. Shida ni kwamba jibu lenyewe linatenganisha vitu viwili ambavyo kule kazini vilishaoana kitambo.

Mnajimu wa leo hakai juu ya kilima akikodolea darubini macho, jameni. Amekaa mbele ya skrini akiandika programu. Ile picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, mliisambaza WhatsApp Aprili 2019. Darubini zilikuwa zimelitazama Aprili 2017. Data ilikuwa nyingi kiasi kwamba haikupitishwa kwenye intaneti. Diski zilisafirishwa kwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zikangoja mpaka majira ya baridi yaishe. Halafu ikabaki kazi ya kuunganisha vipande kuwa picha, na hiyo ni hesabu na programu tupu. Huko Chile nako, kamera ya kituo cha Vera C. Rubin ina megapikseli 3,200 na imeundwa kuleta takriban terabaiti 20 kila usiku. Simu yako ya gigabaiti 128? Ungehitaji zaidi ya 150 kwa usiku mmoja. Nani atayapitia hayo yote kwa macho?

Basi aajiriwe mtu wa kompyuta, mambo yaishe? Hapana. Darubini ya Kepler ilitazama nyota zaidi ya 150,000 ikisubiri mwanga wa mojawapo upungue kidogo, dalili kwamba pengine sayari imepita mbele yake. Dunia yetu ikipita mbele ya Jua hupunguza mwanga wake kwa chini ya sehemu moja kati ya 10,000. Upungufu mdogo hivyo unaweza pia kuletwa na doa kwenye nyota, au na chombo chenyewe kikitetemeka. Anayejua kompyuta peke yake atashangilia mtetemo akidhani amegundua dunia mpya. Anayejua nyota peke yake atazeeka kabla hajamaliza orodha. Mwaka 2017 ilitangazwa sayari ya nane ya nyota iitwayo Kepler-90, iliyokuwa imejificha ndani ya data ya zamani. Walioitoa ni wawili: Christopher Shallue, mhandisi wa programu wa Google, na mnajimu Andrew Vanderburg. Ilibidi wakutane. Mimi nataka wakutane ndani ya kichwa kimoja, tena mapema, akiwa na miaka 20.

Na tuseme ukweli kuhusu sayansi ya kompyuta tunayosomeshwa. Mradi wa mwaka wa mwisho: mfumo wa kusimamia maktaba. Jirani yako: mfumo wa kusimamia hospitali. Wa tatu: mfumo wa kusimamia nyumba za kupanga, na malipo ya M-Pesa ndani ili mwalimu atabasamu. Miaka minne, na hujawahi kupewa swali ambalo jibu lake halijulikani na mtu yeyote duniani. Anga imejaa maswali hayo, na data yake nyingi inatolewa bure.

Nakasirika zaidi nikikumbuka Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na pwani yetu, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku yetu ya Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Bahari ilikuwa yetu, na jina pia. Uchambuzi ukafanywa Marekani. Leo Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika katika mradi wa darubini ya redio ya SKA, ambayo sehemu yake ya Afrika Kusini itakuwa na madishi 197. Je, tumejiandaa kuchambua, ama tutatoa tena jina zuri la Kiswahili?

Sisemi falaki haifundishwi nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada yake. Nasema kwamba kule Illinois, Urbana-Champaign, kuna digrii moja iitwayo sayansi ya kompyuta na falaki, na mwanafunzi haonekani kama amepotea njia. Hapa tunaambiwa subiri uzamili. Lakini sisi wa kompyuta fizikia yetu iliisha mwaka wa kwanza. Unangoja uzamili ukiwa na nini?

Kazi je? Najua utetezi uliozoeleka: benki zitakuajiri kwa sababu umezoea data kubwa. Inawezekana kabisa, ila mimi sitaki kuomba ruhusa ya kusoma anga kupitia mlango wa benki. Wenye digrii zile “salama” nao wanapiga lami hadi soli zimeisha. Na digrii hii haitakuwa ya kupenda picha za rangi rangi. Takwimu na hesabu zake zitawafukuza wengi, na sawa tu.

Data ya Kepler iko kwenye laptopu yangu tayari, imeshushwa kwa bando za usiku. Kuna nyota moja ambayo mwanga wake unashuka kidogo kila baada ya siku kadhaa. Programu nimeandika mwenyewe na inakimbia vizuri. Nikitoka kuuliza ule mshuko ni sayari ama ni chombo kilitingishika, kwenye idara yangu hakuna mlango hata mmoja wa kubisha.