Leteni mwanasesere visiwani

Mimi ni mkunga, mwaka wa 26 sasa, na mingi ya miaka hiyo nimetumikia kisiwani Ukerewe. Zamani mtoto asipolia tulimning'iniza miguu juu, tukampiga nyayo. Semina ya siku mbili Mwanza ndiyo iliyonibadilisha: mwanasesere wa mazoezi mezani, mfuko wa hewa na barakoa yake, na mwalimu ameshika saa. Dakika ya kwanza isiishe mtoto hajapata hewa! Nilirudia mpaka vidole vikazoea. Wiki tatu baadaye, saa nane usiku, akazaliwa mtoto amelegea, kimya. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya bado. Nikampa hewa, kifua kikapanda. Alipolia, mama yake naye akalia.

Kwa hiyo Baraza la Uuguzi na Ukunga linapodai pointi za mafunzo ili kuhuisha leseni, naliunga mkono kabisa. Lakini aliyeko Hospitali ya Bugando, Mwanza, anashuka ghorofa tu kusikiliza mada. Wa kisiwani anasubiri meli bandarini Nansio, na zamu yake haina wa kuishika. Waganga wakuu wa wilaya, nawaomba: walimu na mwanasesere wapande meli, watufuate huku.