Royal Tour na filamu ya mapanki: kamera huchaguaje cha kutuonyesha?

Nchi ni moja. Lakini aliyetazama Royal Tour na aliyetazama filamu ya mapanki wanaweza kubishana usiku kucha kama walionyeshwa Tanzania ileile. Zote mbili ni filamu za makala, yaani za watu na mambo ya kweli, si maigizo. Inakuwaje basi?

Tunalieleza hili kwa sababu vipande vya filamu kama hizi hutufikia kwenye simu na kwenye vibanda umiza, na kwa sababu ipo siku kamera itafika kwenye mwalo wako.

Royal Tour: mwenyeji ni Rais

Filamu hii ilizinduliwa Marekani Aprili 2022, kisha Arusha mwezi huohuo. Mtangazaji wa safari, Mmarekani Peter Greenberg, anatembezwa nchini na Rais Samia Suluhu Hassan. Mtindo huu haukuanzia kwetu. Greenberg alikwishautumia kwa viongozi wengine, akiwamo Rais Paul Kagame wa jirani zetu Rwanda.

Mbinu ya kwanza ni mwenyeji mwenyewe. Mkuu wa nchi anapokaa nyuma ya usukani na kumpakia mgeni, mtazamaji wa ng'ambo anajisemea kwamba huko ni salama. Hakuna aliyetamka neno usalama, ila ujumbe umefika.

Mbinu ya pili ni picha za kutoka angani. Kutoka juu, Kilimanjaro na Serengeti hupendeza mno. Lakini kutoka juu huoni barabara mbovu, wala humsikii mfugaji au mkulima anayeishi pembeni ya hifadhi. Muziki nao hukuambia wakati wa kustaajabu.

Filamu ya mapanki: kamera ya karibu

Jina lake halisi ni Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper wa Austria, na ilitoka mwaka 2004. Ilipigwa Mwanza, ikifuata biashara ya sangara: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa, yaani mapanki, vinabaki huku.

Hapa hakuna msimulizi wala mandhari ya kuvutia watalii. Kamera ni ndogo, inasogea usoni mwa mtu, mara nyingi usiku. Nguvu yake kubwa iko kwenye uhariri, yaani kupanga kipi kifuate kipi. Swali linarudi kila mara: ndege hizi huja zimebeba nini? Karibu na mwisho, rubani anasimulia kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola. Alitaja Angola, si Mwanza. Lakini mtazamaji ambaye ameona minofu, ndege na njaa kwa zaidi ya saa nzima anaziunganisha mwenyewe.

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea filamu hiyo hadharani, akisema inaichafua nchi. Mwaka huohuo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Umaskini ulioonyeshwa ulikuwepo kweli. Ila mvuvi aliyejenga nyumba na kusomesha watoto kwa sangara hakupewa nafasi.

Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Mmoja alivutia upande wa fahari, mwingine upande wa kidonda.

Je, filamu huleta watalii?

Takwimu za serikali zinaonyesha wageni 922,692 mwaka 2021 na 1,454,920 mwaka 2022. Wengi walisema ni matunda ya Royal Tour. Inawezekana ilichangia. Lakini mwaka 2019, kabla ya korona na kabla ya filamu, walikuja 1,527,230. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ongezeko la 2022 ni watu kurudi baada ya mipaka kufunguka. Mwaka 2023 ndipo rekodi ya zamani ilipovukwa, kwa wageni 1,808,205.

Kwetu hili lina uzito. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, inagusa Muleba. Filamu inaweza kumfanya mgeni aitamani. Haiwezi kumtengenezea barabara wala kumwandalia mahali pa kulala.

Kamera ikifika mwaloni kwako

Iwe Kemondo, Bumbire au Goziba, uliza kwanza: filamu ni ya nani, inahusu nini, itaonyeshwa wapi? Kibali cha Bodi ya Filamu kiko wapi? Una haki ya kukataa kupigwa picha. Na ukikubali kuhojiwa, sema jambo lako kwa ukamilifu katika sentensi moja, kwa sababu mhariri hukata katikati.

Ukiwa mtazamaji, usiishie kuuliza kama ni kweli. Uliza pia: nani hakuhojiwa? Mara nyingi nusu ya pili ya habari iko kwake.