Umekwenda Bangkok, Umeona Nini?

Ndugu msomaji, huenda kijana wa nyumbani kwako, au wewe mwenyewe, umo katika kundi la marafiki wanaochanga pesa kila mwezi, ili mwisho wa mwaka wapande ndege kwenda Bangkok, Kuala Lumpur na Singapore. Mchango huo siupigi vita. Wako wazee wetu wasemao kuwa kijana akienda huko amekwenda kupotea, na maneno yamekwisha. Mimi simo katika hao. Pwani yetu haikuwahi kuishi kwa kufunga milango, na wazee hao hao babu zao walipanda majahazi wasijue watarudi lini. Ugomvi wangu ni namna twendavyo, na namna turudivyo.

Watazame wakirudi. Kila mmoja mabegi matatu, na simu imejaa picha. Muulize, "Umeona nini?" Atakutajia bei. Shati Bangkok ni kiasi gani, saa Singapore ni kiasi gani, na jinsi alivyomshinda muuzaji kwa maneno. Kisha atakuonyesha picha yake mbele ya minara pacha ya Kuala Lumpur, ile ya mita 452 iliyomalizika 1998, na wenzake wanne wamesimama pale pale, mmoja baada ya mmoja, kama watu walio katika foleni ya mafuta ya taa.

Nami nayajua haya kwa sababu nilikuwa katika foleni hiyo. Tulikuwa watano. Bangkok tulikwenda kuitazama nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeifanyia biashara hariri ya Thailand baada ya vita vikuu, hata akapotea Malaysia mwaka 1967, asionekane tena. Tulilipa kiingilio, tukasifu mbao, tukawanunulia wake zetu mitandio. Hatukujua kuwa ng'ambo ya mfereji wa Saen Saep, mkabala wa nyumba ile, pana mtaa uitwao Ban Krua, na wenyeji wake ni Waislamu wa kabila la Cham, ambao wazee wao walifika hapo tangu mwisho wa karne ya 18. Ndio waliomfumia Thompson hariri yake. Tukasikia adhana ikitoka upande ule. Mwenzetu mmoja akasema, "Sisi wasafiri, tutajumuisha usiku hotelini." Tukaingia dukani.

Hebu tusimame hapa kidogo. Ruhusa ya msafiri kupunguza na kujumuisha swala ni kweli, wala hakuna ubishi. Lakini sisi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafi tumefunzwa tangu chuoni kuwa mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika, naye huswali kama mwenyeji. Sisi tulikuwa tumelipia siku nane. Siku zote nane tulipunguza, na hakuna aliyeuliza. Bei ya viatu tuliuliza katika maduka sita.

Lakini kubwa si hilo. Usiku wa tatu mdogo wetu, kijana wa miaka ishirini na miwili, alishikwa na homa. Asubuhi yake tulikuwa tumelipia safari ya mashua kwenda kisiwani, na pesa hazirudishwi. Tukasimama mlangoni tukatazamana. Kila mmoja alimngojea mwenziwe aseme "nitabaki mimi". Tukamwekea chupa ya maji na nambari ya simu, tukenda zetu. Tuliporudi magharibi tulimkuta mwanamke mfagiaji wa hoteli, Mbudha, ameketi kwenye kiti karibu na kitanda, amemletea uji wa mchele na kitambaa cha maji baridi. Hakuna lugha waliyosikilizana. Alipotuona aliinuka, akachukua bakuli lake, akatoka bila ya kututazama.

Yasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alipomsikia mtu akimsifu mwenziwe alimuuliza: Je, umekaa naye jirani? Umefanya naye kazi ya pesa? Umesafiri naye? Alipojibu hapana, akamwambia basi humjui. Sisi siku ile tulijuana. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao amiri. Kundi letu lilikuwa na mweka hazina, lakini amiri halikuwa naye. Lau angekuwapo angesema neno moja tu pale mlangoni, "Fulani abaki", na jambo likesha.

Najua jibu: "Ah, bwana, sisi twaenda kupumzika, hatuendi chuoni." Vyema, pumzika. Lakini nani aliyekwambia kuwa kupumzika ni kutoka duka hili na kuingia lile? Penang, katika mtaa wa Lebuh Acheh, upo msikiti uliojengwa mwaka 1808 na Sayyid Hussain Aidid, mtu wa Acheh mwenye asili ya Hadhramaut, na hapo walikuwa wakikusanyika mahujaji wa nchi zile kungojea merikebu za Jeddah. Ukoo wa Hadhramaut waujua, ndugu msomaji. Pengine mwalimu aliyekufundisha alifu na be ni wa huko. Singapore upo Msikiti wa Sultan, uliomalizika 1932, na chini ya kuba lake umezungushiwa vitako vya chupa walivyotoa maskini, ili nao wawe na fungu katika ujenzi. Malacca lipo lango la ngome ya Mreno aliyeuteka mji ule mwaka 1511. Mreno huyo huyo alikuwa ameichoma Mombasa miaka sita tu kabla. Na Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, yapata miaka kumi na minne baadaye alikuwa Sumatra, akakuta sultani wa madhehebu yale yale ya Shafi. Ingia leo msikiti wa Wamalay kwa swala ya alfajiri, utasikia qunuti kama uliyoizoea nyumbani. Hayo hayana kiingilio.

Hata mimi sikuyaona safari ile. Nilikwenda mara ya pili, peke yangu, na Ban Krua nilifika kwa miguu: ni kuvuka mfereji tu, mwembamba kuliko barabara ya mtaani kwetu.

Yule kijana wa homa mwaka huu anasafiri tena, Penang na Malacca, na wenzake wawili. Sisi hakutwambia. Tulisikia kwa mamake.