Jina la Mwanafunzi Ni Mali ya Nani?

Leo twawaletea neno linalogombanisha watu kwetu Masisi, na hata kwa jirani zetu wa Walikale, kila mara mpira wa shule unapochezwa. Je, mwanafunzi mwenye sifa ya mchezo aweza kupokea fedha kwa ajili ya jina lake na sura yake? Wengi hujibu mara moja: Hasha! Sisi twajibu: Ndiyo, aweza, tena ni haki yake. Tusikilizeni kwanza, halafu mtuhukumu.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kijana mmoja wa sekondari, mwana wa mama mjane, alifunga mabao mengi hata watoto wadogo wakaanza kuitana kwa jina lake. Mwenye duka moja la simu akafika, akasema: "Nipeni ruhusa nichore sura ya kijana huyu ukutani kwangu, nami nitamlipia minervali ya mwaka mzima." Mama alimshukuru Mungu. Lakini wakubwa wa shule walikataa. Walisema: "Mwanafunzi ni mwanafunzi. Makuta yatamharibu." Basi, mwenye duka akaenda zake, na muhula uliofuata kijana akafukuzwa darasani kwa kukosa minervali ile ile.

Sasa tazameni. Siku ile ya kukataa, kikosi kizima kilicheza kimevaa jezi zenye sura ya bwana mmoja aliyekuwa akitafuta kura. Jezi hizo nani alizipokea? Wakubwa. Watu walitoa kiingilio. Nani alikihesabu? Wakubwa. Wachezaji nao walipewa nini? Fanta moja kwa watu wawili. Kumbe jina la mwanafunzi lauzwa kila siku, ila anayekatazwa kuliuza ni mwenye jina peke yake!

Ubishi huu si wa kwetu tu. Huko Marekani michezo ya vyuo vikuu hutazamwa na mamilioni ya watu. Chama kinachoisimamia, NCAA, kilianza mwaka 1906, na kwa miaka mingi kilikataza kabisa mwanafunzi kulipwa kwa kutangaza viatu au bidhaa yo yote. Lakini chama hicho hicho, mwaka 2010, kiliuza haki ya kuonyesha mashindano yake ya mpira wa kikapu katika televisheni, miaka 14 kwa dola bilioni 10.8. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, aliyepata kuchezea chuo cha UCLA, alikwenda mahakamani kwa kuwa sura yake iliwekwa ndani ya mchezo wa kompyuta uliouzwa madukani, naye hakupata hata senti moja. Jimbo la California likatunga sheria mwaka 2019, na tarehe 1 Julai 2021 chama kikafungua mlango: mwanafunzi aweza kulipwa kwa jina na sura yake.

Lakini mlango huo haukufunguka kwa wote. Mfano ni mwana wa Kongo yetu, Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2022, akichezea Chuo Kikuu cha Kentucky, alipewa tuzo za mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Wenzake wenyeji walitangaza biashara wakalipwa. Yeye, kwa sababu ya viza ya mwanafunzi mgeni, alizuiwa kufanya hivyo ndani ya nchi. Agosti 2022 timu yake ilipokwenda kucheza visiwa vya Bahamas, ndipo alipopata nafasi ya kulipwa kwa jina lake, maana alikuwa nje ya mipaka ya Marekani. Fikirini, ndugu: mtu avuke bahari ndipo jina lake liwe mali yake!

Wanaotupinga wana maneno yao, nasi hatutayaficha. Neno la kwanza: fedha itamtia kijana kiburi, ataacha kitabu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nao hutuonyesha Dikembe Mutombo. Huyu alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa msaada wa masomo, akitaka kuwa mganga. Mpira wa kikapu ulimchukua, lakini kitabu hakukiacha, akamaliza masomo yake mwaka 1991. Baada ya hapo ndipo alipopata mali, na kwa mali hiyo akajenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na nchi nzima ilimlilia. Basi wasema: Mwaona? Mutombo alingoja!

Nasi twamheshimu Mutombo kuliko wote. Lakini Mutombo alingoja akiwa ameshiba. Msaada wa masomo ulimlisha na kumfundisha. Mwana wa mjane wa Masisi angoje akila nini?

Tena si kila angojaye hufika. Mkumbukeni Henry Rono wa Kenya. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington huko Marekani, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Dunia nzima ilimshangilia, lakini sheria za siku hizo zilimkataza mkimbiaji kulipwa waziwazi. Michezo ya Olimpiki nayo ilimpita, maana Kenya haikwenda mwaka 1976 wala 1980. Baadaye pombe ilimshinda, akaangukia katika umaskini, akifanya kazi ndogo ndogo ugenini. Alifariki Februari 2024. Hatusemi kwamba anguko lake lilitokana na sheria ile peke yake. Twasema hili tu: kukatazwa fedha katika ujana hakukumfanya awe mtakatifu, wala hakukumfundisha kuitunza. Mtoto hajifunzi kuogelea kwa kukatazwa mto.

Neno la pili: mwanafunzi si mtenda kazi, yeye acheza tu. Vema! Kama ni mchezo tu, basi rudisheni viingilio. Lakini kama kuna mali iliyopatikana kwa jasho lake, jasho hilo ni kazi. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kumdhulumu mtu ujira wake ni kosa kubwa linalolia mbele ya Mungu. Hakuandika kwamba mwenye umri mdogo adhulumiwe kwanza.

Neno la tatu: biashara yachafua mchezo. Ajabu! Julai 2025 klabu ya Barcelona ilitangaza mkataba wa miaka minne na Serikali yetu, ili jina la Kongo liandikwe mgongoni mwa jezi zake za mazoezi, na habari zilitaja zaidi ya euro milioni 40. Nani kati ya wakubwa wetu alisema kwamba mpira wa Barcelona umechafuka? Mgeni tajiri alipwe kwa kubeba jina letu, na mtoto wetu maskini asilipwe kwa kubeba jina lake mwenyewe?

Sasa tuseme lile lililo zito kuliko yote. Tangu mwaka 2019 shule za primari za Serikali hazitakiwi kulipisha. Za sekondari bado zalipisha. Kijana afukuzwaye darasani hakai bure. Huku Masisi kuna mashimo ya koltani ya Rubaya; kule Walikale kuna madini ya msituni. Vita vilifika Masisi Januari 2025 na mjini Walikale Machi 2025, na wenye bunduki hupenda sana kijana mwenye mbio na nguvu. Hao hawaulizi kama makuta yatamharibu. Tukimfungia mlango wa haki, mlango mwingine u wazi mchana na usiku.

Hata hivyo hatutaki kijana auzwe kama mbuzi sokoni. Twaomba mambo manne. La kwanza, mkataba uandikwe, usomwe kwa lugha ambayo mzazi asikia, na mzazi atie sahihi. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yasema wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hafungwi na karatasi asiyoielewa. La pili, fedha ilipe minervali kwanza, na sehemu inunue mipira na viatu vya kikosi, maana bao halifungwi na mtu mmoja. La tatu, asiyehudhuria darasa asicheze, hata awe na jina kubwa namna gani. La nne, tuulize fedha yatoka kwa nani. Ya pombe, hapana. Ya mwenye bunduki, hapana kabisa. Februari 2025 waziri wetu wa mambo ya nchi za nje aliziandikia klabu za Arsenal, Bayern na Paris Saint-Germain waache kutangaza utalii wa Rwanda, kwa sababu ya vita vya huku kwetu. Basi wakubwa wajua vizuri kwamba jezi husema. Nasi tuangalie ya watoto wetu yasema nini.

Mwatuuliza, kijana yule yuko wapi? Asukuma chukudu la mtu mwingine, makaa na viazi mpaka sokoni. Duka la simu lipo bado, na ukuta wake una picha: ni sura ya mchezaji wa Ulaya, iliyochorwa bila kumwuliza mtu. Kijana hupita mbele yake kila siku ya soko.

Wazazi wapenzi, mkutano wenu na wakubwa wa shule utakapofika, msinyamaze. Ulizeni kwa heshima: jezi hizi zatoka kwa nani, kiingilio hiki kimekwenda wapi, na mtoto amepata nini? Na mwenye duka akija tena na neno lake, mwiteni mama wa mtoto, mleteni kalamu.