Moyo Uonekane, Usikisiwe

Askari anayeijua kazi yake hafyatui risasi gizani. Kwanza humtambua aliye mbele yake, ndipo huamua. Polisi naye hamtii mtu pingu kwa sababu tu sura yake imefanana na ya mhalifu. Leo twapenda kuwakumbusha maofisa na askari wetu, pamoja na jamaa zao walio kambini, kwamba kanuni hiyo ndiyo ipasayo kutawala katika maradhi ya moyo, na kwamba yahitajiwa zaidi katika vituo vilivyo mbali na mji mkuu, kama vile Kasese na Bwera.

Dalili za moyo mgonjwa ni chache, lakini maradhi yenyewe ni mengi. Mtu huishiwa na pumzi, hushindwa kulala chali, miguu huvimba, na pengine tumbo hujaa maji. Wagonjwa watatu waweza kufika hospitalini siku moja wakiwa na dalili hizo hizo. Wa kwanza ana kifua kikuu kilichoingia katika mfuko unaouzunguka moyo, nao umejaa maji yanayoubana. Wa pili ana vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni. Wa tatu moyo wake umeota kovu kwa ndani. Kwa macho matupu wote ni sawa. Lakini wa kwanza aweza kupona kwa dawa za kifua kikuu na kwa kuondolewa maji yale. Wa pili huenda akahitaji kupasuliwa. Na wa tatu ana ugonjwa mgumu ambao tiba yake ingali haba. Akikosewa mmoja, hupewa dawa ya mwenzake, na siku zake hupotea bure.

Ugonjwa huo wa tatu una historia katika nchi yetu. Mwaka 1948, Daktari J. N. P. Davies, aliyekuwa akichunguza maiti huko Mulago, aliandika juu ya mioyo aliyoikuta na kovu nene jeupe lililotanda ndani ya vyumba vyake vya chini. Kovu hilo huzuia moyo usitanuke na kupokea damu, na vyumba vya juu hufura kupita kiasi. Madaktari wa dunia waliuita endomayokadiali faibrosisi, na tangu hapo jina la Uganda limeambatana nao. Wataalamu wameshuku minyoo, chakula duni, umaskini na hata asili ya udongo, lakini chanzo chake hakijathibitishwa mpaka leo. Mgonjwa wake mara nyingi huwa na tumbo kubwa la maji huku miguu ikiwa haikuvimba sana, na kwa hiyo watu hudhani ini limeharibika, au kwamba amelogwa. Tujiulize: Davies aliuona ugonjwa huo akiwa na maiti mezani. Je, ni haki kwamba moyo wa mtu wetu ujulikane baada ya yeye kufa?

Jibu ni hapana, kwa kuwa chombo cha kuuona moyo wa mtu aliye hai kimekwisha patikana, na asili yake haiko mbali na kazi ya askari. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mtaalamu wa Ufaransa, Paul Langevin, alitumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio ili kuzitafuta nyambizi za adui chini ya bahari. Sauti hupelekwa majini, hugonga kitu, hurudi, na muda wa kurudi kwake huonyesha umbali wa kitu hicho. Baadaye mafundi walitumia njia hiyo kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1953, huko Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walianza kupima moyo kwa chombo cha namna hiyo, baada ya Hertz kukijaribu katika kiwanda cha meli. Leo mashine hiyo huchora moyo ukipiga, vali zikifunguka na kufunga, kovu likionekana, na maji yakionekana pia. Haichomi, haiumizi, wala haina mionzi kama ya eksirei.

Wapo watakaosema kwamba daktari hodari hutosheka na chombo chake cha kusikilizia kifua. Twamheshimu daktari hodari, lakini sikio lina mpaka wake. Katika uchunguzi uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2012, watoto wa shule 4,869 walipimwa. Kusikiliza kifua kuligundua watoto 23 wenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi. Mashine ya mawimbi iligundua 72. Ugonjwa huo huanza kwa kidonda cha koo ambacho hakikutibiwa, na wakati moyo wa mtoto unapoharibika polepole, yeye hucheza na wenzake bila dalili yoyote.

Kuona peke yake hakutibu, bali hufungua mlango wa tiba. Kaskazini mwa nchi, huko Gulu, watoto na vijana 818 waliogunduliwa na mashine kuwa na ugonjwa huo ungali mchanga waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilidungwa sindano ya penisilini kila wiki nne, jingine halikudungwa. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2021. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umezidi kwa watoto 3 katika kundi la sindano, na kwa watoto 33 katika kundi la pili. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kilichokuwa kikikosekana ni kumjua anayestahili kupewa.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa hasa wasomaji wetu. Askari na polisi ni watu wa uhamisho. Leo familia iko Kasese, mwaka ujao iko Moroto au Arua. Mtoto aliyeanza sindano za kila wiki nne akihamishwa bila kadi yake na bila barua kwa hospitali ya huko aendako, tiba hukatika, na homa ikirudi huiharibu vali iliyokuwa imeanza kutulia. Twawasihi wazazi wafunge kadi hiyo pamoja na vyeti vya shule, na twawaomba wakuu wa vikosi, wanapotia sahihi amri ya uhamisho, waulize kama kuna mgonjwa katika nyumba hiyo.

Kasese ina mtihani wake wa pekee. Mji uko chini ya milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake hufikia mita 5,109. Huko juu kila mtu huhema, hata kijana mwenye nguvu, na kwa hiyo ni rahisi kumdharau anayelalamika. Lakini anayehema akitembea katika tambarare ya Katwe, au akiwa amelala kitandani, hana mlima wa kumsingizia. Mtu huyo apimwe. Na kutoka Kasese hadi Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago ni zaidi ya kilomita 300; anayetoka Bwera, karibu na daraja la Mpondwe, huongeza nyingine. Safari ya namna hiyo si ya kumpa mtu kwa kubahatisha, wala si ya kumnyima anayeihitaji.

Hatudai kwamba kila hospitali ya wilaya iwe na bingwa wa moyo. Twadai kwamba Bwera, Kagando na Kilembe ziwe na wauguzi waliofundishwa kutumia mashine ndogo ya kushikwa mkononi, ili wawachuje wagonjwa na kuwapeleka mbele wale wanaostahili. Jambo hilo limekwisha jaribiwa Gulu, na ikaonekana kwamba wauguzi waliopewa mafunzo mafupi waliwatambua wengi wa watoto wagonjwa, ingawa si wote. Wala wauguzi wa mpakani si wageni wa kazi nzito. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo, mgonjwa wa kwanza alitambuliwa Kagando na kupelekwa Bwera, na ugonjwa haukuenea nchini. Haikuwa bahati: watu walikuwa wamefundishwa kabla ya adui kufika.

Mwisho twasema na pande mbili. Kwa makamanda: askari aliyekuwa mbele katika mazoezi, naye ghafla akawa wa nyuma, asiitwe mvivu kabla moyo wake haujatazamwa. Kumpa ruhusa ya siku chache ni hasara ndogo kuliko kumbeba kutoka uwanjani. Kwa askari wenyewe: twajua kwamba wako wanaoficha maradhi wakiogopa kuondolewa kikosini, na wako wanaokwenda kwa waganga wakidhani tumbo la maji ni mkono wa jirani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambieni daktari mapema, mwombeni aseme waziwazi ni ugonjwa gani na ameujuaje, na akisema kwamba moyo unapasa kutazamwa kwa mashine, msirudi nyumbani kabla haujatazamwa.