Mibono Kaburi na Ardhi ya Kisarawe

Brazili ilianza mpango wake wa kuendesha magari kwa ethanoli ya miwa mwaka 1975, baada ya bei ya petroli kupanda duniani. Sisi Watanzania, miaka thelathini hivi baadaye, tuliaminishwa kwamba mibono kaburi ingetuokoa na mafuta ya kuagiza. Wilayani Kisarawe vijiji 11 vilitoa zaidi ya hekta 8,000. Mwaka 2011 mradi ukasimama, na vibarua kwa mamia wakakosa kazi.

Sipingi nishati ya mimea. Ninachopinga ni kuipima kwa lita pekee. Ili mwekezaji wa kigeni apewe ardhi ya kijiji, sharti kwanza igeuzwe kuwa ardhi ya jumla. Mradi ukifa, hairudi kijijini yenyewe. Mwanakijiji hubaki hana shamba wala mshahara.

Viwanda vyetu vya sukari vina molasi, mabaki yanayotoa ethanoli bila kumhamisha mkulima yeyote. Tuanzie hapo. Na kabla ya kumkaribisha mwekezaji mwingine wa mashamba ya mafuta, sheria itamke wazi: akiondoka, ardhi irudi kwa wenyewe.